Seva haijachoka, inangoja mlango: kufuli la memori ndani ya Linux

Juzi usiku hapa Chake nlikuwa naangalia seva moja ya kazini, prosesa 32, wateja wanalalamika programu nzito, mie nkifungua top, programu ya kuonyesha kinachoendelea ndani ya seva, naona prosesa nyingi zimekaa bure na huku thredi kibao (njia za kazi ndani ya programu moja) zina herufi D, yaani zimelala zinangoja kitu, mara nyingi diski. Ukiona D usikimbilie kununua diski mpya jamani. Nkachukua thredi moja nkasoma faili lake la stack ndani ya /proc (linaonyesha thredi imekwama wapi ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux), juu kabisa imeandikwa rwsem_down_read_slowpath, nkachukua ya pili, hivyohivyo, ya tatu, ya nne, zote zinangoja kufuli moja: mmap_lock.

Kila programu inayoendeshwa ina ramani yake ya memori, na ramani nzima inalindwa na kufuli hilo moja (zamani likiitwa mmap_sem, jina limebadilishwa keneli 5.8 mwaka 2020). Thredi ikigusa ukurasa wa baiti 4096 ambao bado haujawekwa kwenye RAM, inashika kufuli kama msomaji, na wasomaji wanaweza kuingia wengi kwa pamoja. Lakini anayeita mmap, munmap au mprotect (amri za kuomba memori, kuirudisha na kubadilisha ruhusa zake) anabadilisha ramani, huyo ni mwandishi, lazima aingie peke yake.

Chukua uwanja wa karafuu msimu huu, majamvi arobaini yameanikwa na mlango ni mmoja. Wanaogeuza karafuu wanaingia wote hawagombani, ila akitokea mtu anataka kuhamisha jamvi moja tu la pembeni, mlango unafungwa kwa wote, hata yule ambaye jamvi lake liko mwisho kule halihusiani kabisa. Na kibaya zaidi ni foleni: mwandishi akishapanga mstari anamngoja msomaji mmoja mzito aliyemo ndani, basi wasomaji wapya nao wanasimama nyuma yake, kwa hiyo msomaji mmoja anayechelewa anawakwamisha watu wote bila kujua.

Ndicho kilichotupata sisi. Tulikuwa na skripti ya kupima afya ya seva inasoma smaps, faili la /proc linaloeleza memori ya programu, kila baada ya sekunde kumi, na smaps inapita kurasa kuzihesabu huku imeshika kufuli. Programu yenyewe nayo kila ombi inaomba bafa kubwa (nafasi ya memori ya kuwekea data kwa muda) na kuirudisha, yaani mmap na munmap mchana kutwa. Na usiseme wewe hujaandika mmap popote, malloc ya glibc, maktaba ya C inayoziombea programu memori, inakuitia, hata kukuza hipu (akiba za memori) za thredi inatumia mprotect.

Dawa ya kung'oa mzizi wa tatizo imekuja keneli 6.4, mwaka 2023, kazi ya Suren Baghdasaryan wa Google: kila eneo la ramani lipewe kufuli lake, kila jamvi na mlinzi wake. Kabla ya hapo 6.1 ilishaleta mti wa kupanga maeneo, maple tree, wa Liam Howlett na Matthew Wilcox, ndio uliofanya eneo litafutwe bila kushika kufuli kubwa. Kinachonifurahisha mno ni namba. Ramani ina namba yake na kila eneo lina yake, mwandishi anaandika namba ya ramani kwenye eneo analoligusa, zikilingana limefungwa, msomaji akikuta hivyo anarudi njia ya zamani ya kufuli kubwa. Akimaliza mwandishi haendi kufungua moja moja, anaongeza namba ya ramani mara moja tu na yote yamefunguka, hata kama aliyafunga mia. Mtu aliyefikiria hivi kakaa na tatizo hili muda mrefu, naamini hivyo.

Mwanzoni 6.4 ilihudumia memori isiyotokana na faili tu, mengine yakafuata matoleo ya baadae. Seva yetu ni Ubuntu 22.04 na keneli 5.15, kuipandisha inangoja ruhusa, kwa hiyo usiku uleule nimeizima ile skripti na asubuhi mwenzangu kabadilisha kodi bafa zitumike tena badala ya kurudishwa. Mchana nlipoangalia D zilikuwa mbili, na moja ilikuwa diski kweli.