"Watu waliohamishwa" baada ya Vita Kuu ya Pili ni akina nani?

Vita vilipokwisha Ulaya mwezi Mei 1945, mamilioni ya watu walikuwa mbali na makwao: waliotumikishwa kwa nguvu katika viwanda na mashamba ya Ujerumani, walionusurika makambi ya mauaji, mateka wa kivita. Majeshi yaliyoshinda yaliwaita "watu waliohamishwa", yakidhani wanachohitaji ni chakula, dawa na treni ya kurudi. Wengi walirudi kweli kabla mwaka haujaisha.

Walibaki kama milioni moja, na hao ndio wanaobeba uzito wa dhana hii. Walithuania, Walatvia na Waukraina wengi waliogopa kurudi chini ya utawala wa Kisovieti. Wayahudi wa Poland waliorudi walikuta jamaa wameuawa na nyumba zina wenyewe wapya. Baada ya Wayahudi kuuawa na wakazi wenzao katika mji wa Kielce, Poland, Julai 1946, maelfu walikimbilia makambi ya watu waliohamishwa huko Ujerumani na Austria. Raia wa Kisovieti walirudishwa hata kwa nguvu, kufuatana na makubaliano ya Yalta kati ya Wasovieti na washirika wao wa Magharibi (Februari 1945), na baadhi yao wakaishia kwenye kambi za kazi ngumu. Ulikuwa ukatili, na waliowapandisha kwenye treni walisikia vilio vyao.

Afrika Mashariki nayo iliwapokea. Wapoland waliokuwa wamepelekwa Siberia na Kazakhstan mwaka 1940 na 1941, wengi wao kina mama na watoto, walipitia Iran wakaletwa Tengeru karibu na Arusha, na Masindi na Koja huko Uganda. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000, wenye shule, kanisa na mashamba. Amani ilipokuja, vijiji walikotoka vilikuwa vimeshaingizwa katika Umoja wa Kisovieti. Wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi ya waliofia Tengeru yapo hadi leo.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliandikwa kwa kuwatazama watu wa namna hii: mtu aliye nje ya nchi yake, asiyeweza au asiyetaka kurudi kwa hofu ya kweli ya kuteswa. Ila ulihusu matukio ya kabla ya Januari 1, 1951 tu, hadi Itifaki ya 1967 ilipoondoa kikomo hicho. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapanua zaidi maana ya mkimbizi, ukawajumuisha wanaokimbia vita na machafuko. Ndiyo maana Mkongo anayevuka Ziwa Tanganyika kukimbia mapigano hapaswi kudaiwa ushahidi kwamba yeye binafsi anawindwa.