Mti Umeua Saratani ya Panya. Je, Utaniponya?

Dawa za miti hujaribiwaje kwa panya?
Panya hupandikizwa seli za saratani. Kundi moja hupewa dawa, jingine halipewi, kisha uvimbe hupimwa na siku za kuishi huhesabiwa. Kumbuka panya huyo ana gramu 20 hivi, na saratani yake ni ya juzi. Mara nyingi anachodungwa ni kemikali iliyochujwa, si maji ya mizizi.

Mganga anasema mti wake umethibitishwa maabara.
Muulize: kwa panya au kwa watu? Mfano tunao hapa Kwale. Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan na wenzake Marekani walitangaza maitansini, kemikali ya mti wa Maytenus kutoka Ethiopia. Panya walipata nafuu kubwa. Watafiti wa Marekani wakavuna hapa kwetu, Shimba Hills, zaidi ya tani 27 za jamii ya mti huo. Wagonjwa walipopewa maitansini, wakatapika, wakaharisha, mishipa ya fahamu ikaathirika, na saratani haikupungua vya maana. Majaribio yakaachwa. Ni mwaka 2013 tu ndipo Marekani iliidhinisha sindano ya saratani ya matiti yenye kemikali ya ukoo huo, ikiwa imefungwa kwenye kingamwili, protini inayoipeleka kwenye seli za saratani. Hiyo huipati kwa kuchemsha magome.

Basi nitumie miti miezi michache, ikishindikana nije?
Hapana. Kina mama wanatufikia kliniki titi likiwa kidonda kinachonuka, na ukiuliza, uvimbe waliuona mwaka jana, mdogo kama punje ya kunde. Wakati ule ungetolewa.

Hata wiki mbili tu?
Hapana, mama. Wiki mbili huwa miezi sita. Tunaona kila kliniki. Njoo kwanza upimwe.

Nikianza matibabu, nichanganye?
Sema unachokunywa. Baadhi ya miti hudhuru ini au huvuruga dawa zetu. Kuificha chupa hakutusaidii sote.

Uvimbe ukiguswa na chuma, si saratani husambaa?
Uongo huu umetuzikia watu. Saratani husambaa kwa kuachwa. Kipimo cha biopsi huchukua kipande kidogo tu cha uvimbe, kwa ganzi, na bila hicho hakuna daktari anayejua akupe dawa gani. Ukigusa uvimbe leo, wiki hii uwe kituo cha afya, hata kama hauumi. Mwanzoni mara nyingi hauumi.