Punda aliyegoma mbele ya maji

Jumamosi asubuhi, maji yamekupwa, tulikutana ufukweni Shela, kisiwani Lamu: mimi, kijana wa miaka 16, na punda wake dume wa rangi ya majivu. Kijana anazitamani mbio za punda za Maulidi. Siku za kazi punda huyo hubeba mchanga na mawe ya ujenzi, kwa hiyo nguvu anazo. "Ila mkaidi, Ami. Akisimama, kasimama."

Mimi kazi hii ya kufundisha kupanda niliianzia kwa farasi, na kwa muda mrefu nilidhani punda ni farasi mfupi. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, kuangalia baadaye. Punda husimama akafikiri. Ukimchapa wakati huo unamthibitishia kwamba pale kweli pana hatari, na kesho atasimama mapema zaidi.

Telki, mwendo wa kutembea kwa hatua za haraka, punda alikwenda vizuri; matiti, mbio za polepole, pia. Kwenye shoti, yaani mbio kamili, kijana alirukaruka mgongoni, akaikamata kamba kwa mikono miwili kama anayevuta nanga, huku visigino vikimpiga mnyama ubavuni. Visigino vinasema nenda, mikono inasema simama. Wewe ungefanya nini? Nikaishika kamba mimi, nikamzungusha kijana kwa telki, kafumba macho, mikono juu ya mapaja. Dakika ishirini hivi. Alinuna, lakini kiuno kililegea.

Kisha tukafika kwenye kidimbwi kilichoachwa na bahari, maji hayafiki hata kifundoni, yanameta juani. Punda akakita kwato.

Macho ya punda yako ubavuni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. (Tunasema shukrani ya punda ni mateke, wengi niliowaona wakipigwa teke walimjia kwa nyuma, kimya.) Ili akichunguze kitu kilicho miguuni pake, lazima ainamishe kichwa, na kijana alikuwa ameifupisha kamba mpaka shingo imesimama wima. Alikuwa anamlazimisha apite mahali asipopaona.

Nikamwambia alegeze. Halafu akaze kidogo tu, ashikilie hapohapo bila kuongeza, na punda akiegemea mbele hata kwa kiasi cha unywele, aachie papo hapo. Kuachia ndiko kunakofundisha. Ukichelewa kidogo tu, umemfundisha jambo jingine. Kijana alichelewa mara tatu, kwa sababu alikuwa anautazama mguu. Uzito huhama kabla ya mguu: tazama bega. Mara ya nne vidole vilifunguka kwa wakati. Punda akainama, akanusa maji, akapiga chafya, akaingia.

Jumapili sikumpandisha mtu. Nilipokuwa nikikagua kwato niliona kidonda chini ya mkia, mahali kamba ya shogi, mfuko wa mizigo wa mgongoni, inaposugua, kibichi kabisa. Basi hata sehemu ya ule ukaidi wa kwenye shoti ilikuwa maumivu, na mimi siku ya kwanza sikukagua. Nilipaswa kuanza na hapo. Tukampeleka hospitali ya punda mjini, ambayo ipo tangu 1987, kidonda kikasafishwa.

Njiani kijana akaniuliza, "Na shoti, Ami?"

"Kikikauka. Na mchanga asibebe."

Akanyamaza. Mchanga ndio unaolipa.