Fumbo moja, majibu mawili

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea fumbo langu amelijaza lote kwa penseli. "Mwanangu, nimemaliza, ila jibu langu na lako hayafanani." Nikalipitia mara mbili. Hakuna namba iliyojirudia, na kila hesabu ilikuwa imetimia. Lake lilikuwa sahihi, na langu pia. Kwa mtunga mafumbo hakuna kosa linalouma kuliko hilo. Mtu aliyekaa saa nzima akipima hoja zake kwa uaminifu, mimi nimemwacha njia panda abahatishe.

Mafumbo ninayotunga ni ya aina ya KenKen, aliyoibuni Tetsuya Miyamoto, mwalimu wa hesabu wa Japani, mwaka 2004. Mraba wa 4 kwa 4 unajazwa namba 1 hadi 4, kila moja ikitokea mara moja tu katika kila safu, ya mlalo na ya wima. Tofauti na Sudoku, kwa kawaida huanzi na namba ulizopewa. Visanduku vimezungushiwa mistari minene kuwa makundi, mimi nayaita vizimba, na kila kizimba kimeandikwa lengo lake. 4+ maana yake namba za humo ndani zikijumlishwa zinatoa 4.

Naanza na jibu. Mraba wa 4 kwa 4 unajazika kwa njia 576. Nachagua moja, kisha nachora vizimba juu yake. Kazi yenyewe iko hapo kwenye kuchora. Safu mbili za juu za fumbo la mzee zilikuwa hivi:

1 3 4 2
3 1 2 4

Kushoto nilikuwa nimechora vizimba viwili vilivyosimama, kila kimoja 4+. Sasa zitazame zile 1 na 3. Zibadilishane: juu iwe 3 1, chini 1 3. Safu zote bado ziko salama, na jumla bado ni 4 na 4, maana kujumlisha hakujali nani yuko juu na nani yuko chini. Hata ningeongeza vidokezo vizuri namna gani kwingineko, visingesaidia kitu. Visanduku hivyo vinne vilikuwa vimejifungia vyenyewe.

Nikavunja kizimba cha pili. Ile 3 ya juu nikaiunganisha na 4 iliyo kulia kwake: 12×, yaani zikizidishwa zinatoa 12. Ile 1 ya chini nikaiunganisha na 2: 1−, yaani ukitoa ndogo kwenye kubwa inabaki 1. Fuata sasa. 12× ya visanduku viwili ni 3 na 4 basi, kwa hiyo 3 ya safu ya juu imo humo. Kizimba cha 4+ kimesimama, hivyo 2 na 2 haiwezekani; ni 1 na 3, na juu lazima ikae 1. Chini yake ni 3. Ile 1− ingeweza kuwa 1 na 2, 2 na 3, au 3 na 4, lakini 3 ya safu hiyo imeshapata mahali. Imebaki 1 na 2. Mwisho wa safu ni 4, na juu yake 2. Hakuna mahali ulipobahatisha.

Wanaoanza kutunga hupenda namba kubwa wakidhani ndizo ngumu. Chukua mraba wa 6 kwa 6, kizimba cha visanduku vitatu vilivyopinda kona, 75×. Ni 3, 5 na 5, hakuna njia nyingine, na 5 mbili haziwezi kukaa safu moja. Zinakwenda kwenye ncha, 3 inakaa konani. Kizimba kizima kimejazwa kwa kidokezo kimoja! Lakini 1− katika mraba huohuo ina jozi tano, ndiyo inayomfanya mtu akune kichwa. Mimi napenda fumbo linaloanza na zawadi moja kama hiyo 75×, kisha linakaza taratibu.

Siku hizi programu ya kompyuta inanihakikishia kwamba jibu ni moja. Haiwezi kuniambia kama njia ya kulifikia inapitika kwa akili ya binadamu, kwa hiyo baada yake nachapa karatasi na kulijaza mwenyewe kwa kalamu ya wino, baada ya siku kadhaa nikiwa nimeshalisahau. Mkono ukisita, natia alama pale na kurudi kwenye vizimba. Lile la mzee nililijaribu hivyo mara tatu kabla ya kumpelekea tena.