Daraja la juu silo dawa ya kila barabara

Kila ikizungumzwa kupanga upya mji hapa Malindi lazima mtu aseme wajenge daraja la juu watu wavuke salama, asiyelipanda ni mvivu. Sio uvivu jamani. Daraja lazima liache lori lipite chini, tuseme mita 5, sasa mteremko wa kiti cha magurudumu kwa kipimo cha 1 kwa 12 (kila mita 1 ya kupanda juu, mita 12 za kwenda mbele) unataka mita 60 kupanda na 60 zingine kushuka, yote hayo kuvuka barabara ya mita 10! Mama mwenye beseni la samaki kichwani atapita chini tu, na dereva ashazoea kukimbia maana "daraja si lipo". Katikati ya mji afadhali zebra, kile kivuko cha mistari myeupe, iliyoinuliwa kama tuta, gari ndio lipunguze mwendo. Haiwei ya magari ya kasi ni habari nyingine, huko daraja lina kazi.