Shokapu Inayozama Ukikaa Haijafa

Nimeombwa tena kujaza upepo kwenye shokapu ya nyuma hadi isicheze kabisa, kwa hoja ileile kwamba shokapu inayozama mtu anapokaa juu ya baiskeli imekufa. Imani hii imeenea mno miongoni mwa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, na inawanyima watu raha ya baiskeli walizojinyima ili kuzinunua. Shokapu ya upepo imeundwa izame unapokaa.

Katika njia za msitu wa Pugu, gurudumu la nyuma hukutana na mizizi inayolirusha juu, lakini pia hukutana na mashimo ambamo linapaswa kushuka ili tairi liendelee kushika ardhi. Shokapu iliyojazwa kupita kiasi imekwisha kunyooka yote, kwa hiyo gurudumu halina pa kushukia. Kwenye kila shimo linaning'inia hewani kidogo, na ukifunga breki wakati huo huo unateleza.

Shokapu nyingi za nyuma hutakiwa kuzama kati ya asilimia 25 na 30 ya mwendo wa shokapu yenyewe, yaani umbali wote inaoweza kubonyezwa. Nasisitiza neno yenyewe, kwa sababu wengi husoma kwamba gurudumu lina mwendo wa milimita 130, wakapiga hesabu ya asilimia 30, wakapata 39, kisha wakazitafuta milimita 39 kwenye shokapu ambayo mwendo wake wote ni 50. Hapo unatafuta 15 tu. Vaa viatu, helmeti na begi la maji, maana vyote ni uzito. Achia swichi ya kufungia shokapu, egemea ukuta, kaa taratibu, sukuma ile pete nyembamba ya mpira iliyo kwenye mhimili wa shokapu hadi iguse sili, yaani mpira unaozuia upepo usitoke, kisha shuka bila kudunda na upime kwa rula umbali kati ya pete na sili. Tumia pampu ya shokapu, wala usiende kwenye kompresa ya kituo cha mafuta: chumba cha upepo ni kidogo, na shinikizo lake mara nyingi hupita psi 150, ilhali tairi la baiskeli ya mlimani huridhika na 30 au pungufu. Kila unapoongeza upepo, bonyeza shokapu mara kadhaa ili vyumba vyake viwili vya upepo vilingane shinikizo, ndipo upime tena. Ule mlio unaousikia unapofungua pampu ni upepo wa mpira wa pampu. Usiongeze chochote kuufidia.

Lipo jambo ambalo vijitabu vya maelekezo hulipita haraka: upime ukiwa umekaa au umesimama juu ya pedeli? Majibu hayalingani, kwa kuwa anayesimama huhamishia uzito mbele. Mimi humpima akiwa amekaa mtu anayekwenda kazini, na akiwa amesimama anayeteremka Pugu, lakini siwezi kuitetea kanuni hiyo kwa kila fremu. Isitoshe, sili kavu hukwama: ukikaa taratibu unapata namba moja, ukibonyeza zaidi na kuiacha shokapu ipande unapata nyingine. Mimi huchukua ya katikati, na simwamini fundi anayebishania milimita moja.

Wanaolalamika kwamba baiskeli hudundadunda wanapokanyaga pedeli kwenye lami wana hoja, lakini dawa yake ni ile swichi ya kufungia shokapu. Kuhusu kasi ya kurudi, yaani jinsi shokapu inavyonyooka tena baada ya kuzama, shuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa: shokapu irudi, itulie, isikurushe. Ukiongeza upepo, punguza kasi hiyo pia.

Shokapu iliyokufa kweli hupoteza upepo usiku kucha, huacha mafuta kwenye mhimili wake, au hurudi kwa kishindo hata ukiwa umepunguza kasi hadi mwisho. Kabla ya kuilaumu, inua baiskeli kwa kiti na usikilize kama viungo vya fremu vinagonga, kwa maana chumvi ya bahari na mchanga wa Kigamboni hula beringi mapema, hasa kwa wanaosafisha baiskeli kwa mashine ya kuoshea magari. Beringi zikibadilishwa, pima upya.