Kitufe cha kujitengenezea cha kurudisha mipangilio ya ubao mama

Mtu anayejaribu kuendesha kumbukumbu ya kompyuta kwa kasi kubwa kuliko ile iliyowekwa kiwandani hatakosa kukutana na skrini nyeusi: feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini mashine haifiki hata kwenye menyu ya BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta, ambako kosa lingesahihishwa. Dawa yake ni kuurudisha ubao mama kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye mbao nyingi kazi hiyo hufanywa kwa kugusanisha pini mbili ndogo kwa ncha ya bisibisi. Mimi niliiacha njia ya bisibisi siku iliponiteleza na kuangukia pini za jirani, ambazo ni za USB na hubeba volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme bado umechomekwa. Nilipoteza milango miwili ya USB kwa uzembe wangu mwenyewe. Tangu hapo kila mashine ninayoifanyia majaribio huiwekea kitufe.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachotokea pini hizo zinapounganishwa. Katika kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984, mipangilio ilihifadhiwa ndani ya chipu ya saa ya Motorola iliyoitwa MC146818, yenye baiti 64 tu, ambazo 14 kati yake zilikuwa za saa na udhibiti wake. Chipu hiyo iliundwa kwa teknolojia ya CMOS, inayotumia umeme kidogo sana, na jina hilo la CMOS likabaki hadi leo ingawa saa yenyewe imehamia ndani ya chipu kuu ya ubao na mipangilio mingi sasa hukaa kwenye kumbukumbu ya flashi isiyohitaji betri. Betri ya CR2032 ya volti 3 inaendelea kuilisha saa hiyo. Katika muundo wa Intel, chipu ina mguu unaoitwa RTCRST, unaoshikiliwa juu, kwenye volti za betri, kupitia rezista ya omu 20,000, na kando yake kuna kapasita ya mikrofaradi 1. Pini mbili za kufutia huushusha mguu huo hadi sufuri. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kitendo hicho hakifuti chochote papo hapo, bali huacha alama ndani ya chipu, na BIOS inapoamka na kuiona alama hiyo ndiyo inayotupa mipangilio ya zamani na kuweka ya kiwandani.

Kutokana na maelezo hayo, aina ya swichi si suala la kuchagua kwa kupenda. Inatakiwa swichi ya kubonyeza na kuachia, ambayo ikiachiwa inafungua mzunguko yenyewe. Swichi inayobaki ilipowekwa ikisahaulika imefungwa, mguu ule utabaki chini na huenda kompyuta isiwake kabisa. Zaidi ya hayo, volti 3 kupitia omu 20,000 ni mikroampea 150, na betri yenye miliampea-saa zipatazo 220 itakwisha kwa takriban miezi miwili kompyuta isipokuwa kwenye umeme, ilhali kwa kawaida hudumu miaka.

Kitufe bora ni kile cha riseti kilichong'olewa kwenye kasha kuukuu la kompyuta, kwa sababu tayari kina waya na plagi inayoingia kwenye pini zilizoachana kwa milimita 2.54. Asiyekuwa nacho atalehemu nyaya mbili kwenye kitufe cha kawaida. Vile vidogo vyenye miguu minne huwachanganya wanaoanza, kwa kuwa miguu hiyo imeunganishwa miwili miwili ndani kwa ndani. Tumia ile iliyo pembe kwa pembe na uhakikishe kwa multimita kwamba inalia kitufe kinapobonyezwa tu. Zisokote nyaya pamoja, usiziache ndefu kupita haja, kisha vika kila kiungo mpira unaosinyaa kwa joto. Kitufe chenyewe hukifunga kwenye kibati cha nyuma cha nafasi ya kadi isiyotumika. Mbele ya kasha ni kukaribisha vidole visivyojua kinachofanyika.

Tahadhari kubwa ipo kwenye kutambua pini. Huandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1, lakini mwongozo wa ubao husika ndio wenye neno la mwisho. Zikiwa mbili tu na hazina jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili), kitufe huchomekwa hapo moja kwa moja, na upande wowote ni sawa. Zikiwa tatu, jampa ikiwa kwenye ya 1 na ya 2, hali ni tofauti: kwenye baadhi ya mbao jampa hiyo ndiyo njia ya betri, na kuunganisha ya 2 na ya 3 huku jampa ikiwa palepale kunaipiga betri shoti. Hapo inahitajika swichi ya miguu mitatu inayohamisha, ambayo hukata mguso wa kwanza kabla ya kuunga wa pili, au kuacha kitufe kabisa na kuhamisha jampa kwa mkono. Binafsi, kwa mbao za pini tatu huacha.

Wakati wa kukitumia, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Taa ya ubao ikizimika, bonyeza kitufe chako kwa sekunde kati ya tano na kumi, uachie, ndipo urudishe umeme. Usikibonyeze kamwe mashine ikiwa inafanya kazi. Uwashaji wa kwanza huweza kuchelewa kwa sababu ubao unaipima kumbukumbu upya.

Mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski, awe na ufunguo wake wa dharura kabla ya kugusa chochote, kwani mabadiliko ya mipangilio yanaweza kuifanya Windows iuulize. Aliyepanga diski kwa mfumo wa RAID, unaounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, naye aandike mpangilio huo kwanza, la sivyo mfumo wake hautawaka mpaka aurudishe.

Kukijaribu kitufe kipya, badilisha kitu kisicho na madhara, kama mpangilio wa diski ya kuanzia, ukifute kwa kitufe, kisha uingie BIOS kuangalia. Badiliko likiwa bado lipo, kagua kwanza kama plagi imekaa kwenye pini zilizokusudiwa kabla ya kukilaumu kitufe.